Kinanda Kisicholia

Kizingitini,
Jumapili, 19 Januari 2025

Jeruto,

Ile klipu uliyonitumia kwenye simu niliifungua nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa shule, mahali pekee ambapo mtandao hushika. Nilisikiliza sekunde kumi na moja, kisha nikaifuta. Usinitumie nyingine. Kinanda cha kanisa chenye mabomba mia nne hakiingii kwenye simu yangu. Kilichoingia ni mlio wa mbu. Ukitaka kunipa habari za maonyesho ya Jumatano, niandikie kwa kalamu. Mugambi, yule mfanyabiashara wa kamba wa baharini, hufika Mombasa kila baada ya wiki mbili na hushukia karibu na kanisa. Barua zitakaa kwenye sanduku lake la barafu, kwa hiyo zitanuka, lakini zitafika.

Sasa nisikilize. Nimepata kinanda.

Mwaka mzima tangu niletwe huku kisiwani kufundisha hisabati, vidole vyangu vimekuwa vikitembea juu ya meza ya walimu mpaka wenzangu wakaanza kukaa mbali nami. Mwezi uliopita Fundi Famau, anayeunda mashua hapa ufukweni, alinimalizia kitu nilichomwomba: safu mbili za vibao vya mikono, na chini yake vikanyagio thelathini vya miguu, vyote vya mbao zilizobaki kwenye mashua. Hakina bomba, hakina upepo. Aliniuliza nyuzi zinafungwa wapi, nikamwambia hakina nyuzi. Akaniuliza sasa kitaliaje, nikamwambia hakitalia. Alinitazama kwa huruma nyingi. Mchoro wangu wenye sentimita zote aliukunja akautia mfukoni, akaniambia nivue viatu, akanipima nyayo kwa shubiri na vidole vyake. Ni kazi safi, Jeruto. Miguu inateleza yenyewe.

Nimekiweka chumbani kwangu, juu ya nyumba ya Bi Kadija ninayepanga kwake. Kila siku saa saba, shule ikitoka kwa chakula cha mchana, nakimbia nyumbani nikapige nusu saa, saa ile ile mnayoanza huko.

Unajua ninachokitaka. Nilianzisha maonyesho hayo ya bure miaka tisa iliyopita, watu wa maofisini wapate nusu saa ya kutulia kabla ya kurudi kazini, na miaka minane kati ya hiyo wewe uliketi kushoto kwangu ukinigeuzia kurasa. Kiti cha mpigaji nilikuachia nilipohamishwa, sikukupa. Kamati ya kanisa itamteua mpigaji wa kudumu Jumatano ya tarehe 6 Agosti, na wakinichagua mimi wameahidi kunitafutia nafasi katika shule ya kanisa. Nitakuja, nitapiga Mwendo, wimbo niliouandika mwenyewe, mbele yao, na nitaondoka kisiwani. Mpaka siku hiyo, nishikie.

Wako,
Patroba


Mombasa,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na magamba mawili na harufu ambayo mama mwenye nyumba wangu ameniuliza inatoka wapi.

Jana walikuja watu thelathini na mmoja. Usifurahi sana, ni joto. Nusu yao huja kwa ajili ya feni na nawaona wanavyogombea viti vilivyo chini yake. Kuna mtu wa benki analala kuanzia noti ya kwanza mpaka makofi. Mzee Austin anasema yeye huwafungulia mlango wote, anayekuja kusikiliza na anayekuja kukausha shati, maana kanisa halina mizani mlangoni. Noti mbili za juu zimegoma kwa sababu ya unyevu, nami nimejifunza kuzikwepa.

Wiki iliyopita nilibadilisha mpangilio. Badala ya kuanza kwa kishindo unavyoanza wewe, nilianza polepole, kwa sauti moja tu nyembamba, watu wakaacha kufungua vyakula vyao. Sijui kwa nini nakuambia. Mama Emily wa kamati alikuja mwishoni akanishika mkono, akasema ninafanya vizuri kwa mtu wa muda. Nikasema asante.

Jambo moja, usikasirike. Ule mkao wa kioo cha kuonea nyuma, juu ya kinanda, ulikuwa wako, na wewe ni mrefu. Mimi nilikuwa naona dari tu. Nimekishusha, sasa naona kanisa lote mpaka mlangoni. Kabla hujaja nitakirudisha.

Jeruto


Kizingitini,
Jumapili, 2 Machi 2025

Jeruto,

Kioo kirudishe. Nimekasirika kidogo, lakini si sana, kwa sababu nimetibiwa.

Bi Kadija ni mjane, mwanamke mwenye heshima zake, na kwa wiki sita alikuwa akisikia dari lake likidundwa kila siku saa saba. Dundo lenyewe lina mpango: haraka, polepole, kimya, kisha haraka tena. Siku moja alipanda na sahani ya mahamri akanikuta nimefumba macho, nayumba huku na huku, mikono inakwenda, miguu inakwenda, na chumbani hakuna sauti hata ya nzi. Aliiweka sahani chini akaondoka kinyumenyume.

Kesho yake nikaitwa. Alikuwa amekaa barazani na maalim mmoja na bakuli la kombe, maneno ya dua yaliyoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi. Akaniambia kwa upole, “Mwalimu, si aibu. Hata watu wakubwa huingiwa. Huyo wako hupanda saa saba za mtana, nami naona hana ubaya, ila atakuchosha.”

Ningemwelezaje? Nilianza na mabomba, nikaendelea na upepo, nikafika kwenye miguu, nikaona uso wa maalim unazidi kunisikitikia. Basi nikanywa. Lina ladha ya marashi na uchungu kidogo. Mchungaji usimwambie.

Tangu hapo Bi Kadija hana wasiwasi, kwani mimi naendelea kudunda lakini sasa nadunda baada ya dawa. Saa saba nasikia mbuzi yake huko chini, anakuna nazi, na juzi niligundua anakuna kwa mapigo yangu. Sasa ni Ramadhani, nimevaa soksi mbili ili nisimsumbue.

Lakini usidhani nimetulia. Nikisikia injini ya boti inaondoka, mwili wangu husimama wenyewe. Nahesabu wiki hadi Agosti. Mwendo sasa naupiga wote kwa miguu bila kutazama, zile kurasa mbili za mwanzo ambapo mikono inakaa mapajani na miguu inasema peke yake. Sijawahi kuupiga hivi. Natamani mtu ausikie.

Patroba


Mombasa,
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mwalimu,

Nisamehe kwa kukawia. Barua nimeandika tatu nikazichana.

Mama Emily aliniita ofisini. Aliniuliza kama nina haja na kiti mwenyewe. Nilimjibu kwamba kiti kina mwenyewe na mwenyewe anakuja tarehe 6 Agosti. Nilijibu hivyo, Mwalimu, kwa sauti, mbele ya katibu wake. Akaniambia nifikirie tena, nikamwambia hakuna la kufikiria. Halafu nikarudi kazini nikakosea kila kitu hadi saa kumi na moja.

Sasa huja watu hamsini na kitu, na mvua imeshapoza mji, kwa hiyo si feni tena. Yule wa benki siku hizi hulala dakika kumi tu. Kuna mwanamke muuza miwani anayeacha meza yake kwa jirani, anakaa mbele kabisa, anaondoka bila kusema neno.

Nikuulize bila ubaya. Ikiwa kamati haitakuchagua, utafanyaje?

Na nimeanza kujifunza Mwendo. Daftari lako lilikuwa kabatini. Nafanya hivyo ili kama boti ikichelewa ratiba isiharibike, basi. Miguu yangu ni mifupi, ule ukurasa wa pili unanitoa jasho.

Jeruto


Kizingitini,
Jumapili, 13 Julai 2025

Jeruto,

Mwendo ni wangu. Uandike kwenye ratiba kwa jina langu na ulirudishe daftari kabatini. Boti haitachelewa.

Umeniuliza nitafanyaje wasiponichagua. Nitabaki huku nikifundisha sehemu na desimali, nikipiga mbao zisizolia juu ya kichwa cha mjane, mpaka nistaafu. Ndilo jibu. Ndiyo maana hawatakosa kunichagua.

Mpango ni huu. Nitalala kwa binamu yangu usiku wa Jumanne. Sitaki kukaa mbele na kusalimiwa na kamati kama bwana harusi, kwa hiyo nitaingia kimya. Wewe utapiga nyimbo mbili za kwanza. Ukimaliza ya pili shuka, nenda ukae, nami nitapanda. Usinitangaze. Watanijua kwa miguu.

Famau ananiombea dua. Ameniuliza kama ninaweza kuwaambia watu wa Mombasa kwamba vikanyagio ni kazi yake.

Patroba


Mombasa,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Mwalimu,

Sijui nianzie wapi. Jumatano hukutokea. Nilipiga nyimbo mbili kama ulivyoniambia, nikatazama mlango, nikasubiri kidogo, kamati ilikuwa imejaa safu ya mbele na Mwendo ulikuwa umeandikwa kwenye ratiba. Ikabidi niupige mimi.

Wamenichagua. Mama Emily alitangaza palepale. Niliomba wangoje nipate habari zako, wakasema miezi kumi na tisa ya kungoja inatosha.

Tafadhali niambie kama u mzima. Nilikuogopea njiani.

Jeruto


Kizingitini,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Jeruto,

Mimi mzima. Bahari ilichafuka, boti ya Mtangawanda haikuondoka siku mbili. Hongera kwa kuteuliwa. Wamechagua vizuri.

Usiandike tena habari za Jumatano kwa sasa. Nina mitihani ya kusahihisha.

P.


Mombasa,
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mwalimu,

Umenikataza kuandika, lakini nimetoka kupiga sasa hivi, na nikingoja hadi kesho sitakuwa na uso wa kuandika.

Bahari haikuchafuka. Ulikuja. Ulikaa nguzo ya tatu kushoto, umevaa shati la buluu na kofia ya watu wa huko, na mwanzoni nilidhani ni mgeni aliyepotea, mpaka ulipoivua nikaona upara. Nilikuona kwenye kioo. Sikuwahi kukirudisha juu. Uliingia katikati ya wimbo wa pili na nilikuwa na muda wa kutosha wa kukuona, kukujua, na kufikiri.

Nilimaliza wimbo wa pili. Watu wakapiga makofi. Nilitakiwa nishuke. Nilikuona umekaa pale unanitazama mgongo, nikajua unangoja niinuke, na mkono wangu ukaenda kwenye daftari ukafungua Mwendo. Haikunibidi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikitaka kiti kuanzia Januari, siku ile walipoacha kufungua vyakula vyao. Nilikuambia uongo mara zote nilipokuambia nakishika kwa ajili yako, na nilijiambia mwenyewe uongo huo huo, kwa hiyo ulikuwa uongo mzuri.

Nilipogeuka mwishoni hukuwepo.

Na baada ya hapo nikakuandikia kwamba hukutokea. Hilo ndilo linalonichoma kuliko kiti. Ulipojibu kuwa bahari ilichafuka nilielewa kwamba unanisitiri, na tangu siku hiyo nikikaa pale naona aibu imekaa kushoto kwangu, mahali pangu pa zamani.

Nimeshamwambia Mzee Austin. Nitamwambia Mama Emily pia, ukinitaka.

Jeruto


Kizingitini,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Jeruto,

Usimwambie Mama Emily kitu. Soma kwanza.

Sikukusitiri wewe. Nilijisitiri mimi.

Nilifika Jumanne kama nilivyopanga. Jumatano asubuhi, saa moja, Mzee Austin alinifungulia mlango nikajaribu kidogo kabla ya watu kuja, na nilimwapisha asikwambie. Naona kiapo chake amekishika kuliko nilivyotegemea. Nikavua viatu. Nikakaa. Unajua nilikuwa sijakigusa kwa miezi kumi na tisa? Mikono ilikwenda. Nikalia kidogo, sikufichi. Kisha nikaweka mikono mapajani nikaanza Mwendo kwa miguu.

Katikati nilikuwa sawa. Nilipokwenda pembeni, mguu ukagusa ukingo wa noti ya jirani, na nilipokwenda mbali zaidi, ukaiangukia yote. Nikadhani ni uchovu wa basi. Nikarudia. Makosa yakawa yale yale, mahali pale pale, kila mara. Nikapiga polepole kama mtoto na bado. Miguu yangu ilikuwa na uhakika kabisa na ilikuwa inakosea.

Nilimwomba Mzee Austin rula nikapima, na niliporudi nikapima mbao zangu. Kumbuka mimi ni mwalimu wa hisabati. Kumbuka nilichora mchoro wenye sentimita. Famau aliukunja akaupima mguu wangu badala yake, akavipanga vikanyagio kwa namna mguu wangu unavyopenda kutua, milimita nne zaidi kila kimoja. Kutoka katikati hadi pembeni, milimita nne mara kumi na tano ni sentimita sita, nayo ni kikanyagio kizima. Kwa miezi minane nilikuwa nimefanya mazoezi ya makosa, kwa bidii, kila siku, na kwa sababu mbao hazilii hakuna aliyeniambia. Kwa miezi hiyo sikuwahi hata mara moja kuweka rula pale. Ilikuwa raha mno kwa miguu, nikadhani raha ni dalili ya usahihi.

Kwa hiyo nilipokaa nguzo ya tatu sikuwa nangoja ushuke. Nilikuwa naomba Mungu usishuke. Ulipofungua daftari nilishukuru. Halafu ukaanza, na ile miguu yako mifupi ikafika kila mahali ambapo yangu haikufika, ukurasa wa pili ukaupiga polepole kuliko ninavyoupiga, ukawa mzuri kuliko nilivyouandika. Hapo shukrani ikaisha. Nilikuchukia, Jeruto. Nilikuchukia kwenye basi mpaka Mokowe, nikakuchukia kwenye boti, na kwa siku tisa baada ya kufika nilikuchukia kila saa saba. Ndiyo maana barua yangu ilikuwa fupi.

Kwa hiyo uliniibia kiti ambacho nisingeweza kukalia. Sijui hesabu ya namna hiyo inasahihishwaje. Kosa lako ni lako na limebaki kosa, nisikudanganye, lakini aibu unayosema imekaa kushoto kwako unaweza kuipunguza.

Tangu nirudi sikupiga. Kinanda nilikifunika shuka. Wiki iliyopita Bi Kadija alipanda mwenyewe, amechoka na ngazi, akasimama mlangoni. Akasema, “Mwalimu, kwani lile kombe limekutoa kabisa? Saa saba nyumba imekuwa kaburi. Nakuna nazi sijui nianzie wapi.” Nikamwambia nilikuwa napiga makosa. Akasema, “Miezi yote hiyo? Mbona mimi sikuona kosa?”

Nataka kitu kimoja. Chukua uzi mgumu, ule wa kushonea magunia, ulaze juu ya vikanyagio kuanzia cha kwanza kushoto hadi cha mwisho kulia, na ufunge fundo katikati ya kila kikanyagio. Usipime kwa rula, sitaki tarakimu. Funga mafundo unipe uzi wenyewe.

Patroba


Mombasa,
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mwalimu,

Uzi huo. Mafundo ni thelathini. Mzee Austin alishika upande mmoja nami nikalala kifudifudi chini ya kinanda, na mwanamke wa miwani alituwahi mapema akatukuta hivyo, akashika tochi ya simu bila kuuliza. Tumerudia mara mbili.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukuambia. Nilicheka kwenye milimita, kisha nikaacha kucheka.

Nikuambie na mimi ukweli, nao si mtamu. Kiti sikirudishi. Nimejaribu kuandika kwamba nitakirudisha na kalamu imekataa. Nakipenda. Jumatano ndiyo siku pekee ambayo sitaki kuwa mahali pengine. Lakini nimezungumza na kamati, na Jumatano ya tarehe 3 Desemba haina jina kwenye ratiba. Ni yako. Mwendo au chochote. Safari hii nitashuka, na ili nisipate la kusingizia nitashuka kabla hujafika, nitakuwa tayari nimekaa chini.

Ile nafasi ya shule ya kanisa walimpa mtu mwingine Septemba. Naona ni heri uisikie kwangu.

Jeruto


Kizingitini,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Jeruto,

Habari ya shule nilishaikisia. Nimebaki, basi. Siku mbili nilitembea ufukweni kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho na kurudi, watu wakaacha kunisalimu mara ya tatu. Sasa nakaa.

Uzi nilimpelekea Famau akiwa anachonga ubao wa mashua. Nikamwambia vikanyagio vipangwe upya kwa mafundo haya. Aliulaza uzi juu ya kazi yake, akaona unavyopishana. Akaniuliza, “Na hicho cha Mombasa kimepimwa guu la nani?” Nikamwambia sijui, la mtu fulani wa Ulaya aliyekufa zamani. Akasema, “Sasa wewe hai upinde maguu umfuate maiti?” Nikamwambia ndiyo. Alikataa kuvunja kazi yake. Ameniundia seti ya pili, imefuata mafundo yote thelathini, nami naichomeka na kuichomoa. Ile ya kwanza ameniapisha nisiitupe.

Ya pili ni ngumu. Miguu imebanwa, nyonga zinauma, kila hatua nairejea kwa kufikiri. Siku ya kwanza nilipoijaribu saa saba, mbuzi ya Bi Kadija ilianza, ikasimama, ikaanza, ikasimama kabisa. Nikamsikia anapanda ngazi. Alisimama mlangoni akanitazama mimi, akatazama pembe zote za chumba.

“Mwalimu, yule mwingine amekwenda wapi? Huyu wa leo hajui ndia.”

Nikamwambia ni mimi, Bi Kadija, ndiye mimi yule yule, najifunza upya. Akatikisa kichwa. Akasema yule alikuwa akimjua kwa miguu, alikuwa akimngoja baada ya sala, na huyu hana haja naye. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kisichoombwa, kama yule anaweza kurudi walau siku moja kwa wiki.

Fikiria, Jeruto. Miaka tisa nimetafuta watu wa kunisikiliza saa saba mchana, bure, nimewahesabu chini ya feni mmoja mmoja. Na huyu alikuwa chini ya miguu yangu, hakupata hata noti moja, na alishika Mwendo wote, wenye makosa yangu yote, na kwake hayakuwa makosa.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Siku sita nachomeka vikanyagio vya maiti. Jumatano narudisha vya Famau na kumpigia Bi Kadija. Huanza saa saba kamili, nikijua nawe umeanza.

Tarehe 3 Desemba nitakuja na miguu ya mgeni. Nitakosea, hasa ukurasa wa pili, na watu hawatajua, ila wewe. Usikae mbele na kamati. Kaa nguzo ya tatu kushoto, na kioo kiache hapo hapo ulipokishusha. Nitainama. Nataka nikuone.

Patroba